Wahusika wangu wa 3D wanaonekana kama masanamu ya dukani. Nifanyeje?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Nimeandika hadithi ya kurasa 40 kuhusu bibi na mjukuu wake wa Pangani ambao mashua yao imepotea usiku. Kuchora kwa mkono siwezi, kwa hiyo nilijifunza Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, kwa mwaka mzima nikatengeneza wahusika wa 3D. Nimemaliza kurasa sita. Tatizo ni kwamba wahusika wanafanana na yale masanamu ya kuvalishia nguo dukani, hata mimi wananitisha kidogo. Picha moja inachukua saa tatu kwenye laptopu yangu yenye RAM ya GB 8 na isiyo na kadi ya picha, na umeme ukikatika naanza upya. Kaka yangu anasema ninunue kompyuta kubwa. Mchoraji mmoja ameniambia hii si katuni, ni kudanganya. Je, niendelee? Na nguo na nywele nilizopakua mtandaoni, naruhusiwa kuuza kitabu chenye hizo?"

Marahaba, mwalimu. Nimezifungua kurasa zako sita na kuzisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeziba maneno kwa kidole. Hadithi ipo, na bibi yako nampenda. Umeuliza maswali manne, lakini mawili makubwa, la masanamu na la saa tatu, yanatoka kwenye chungu kimoja: umeiachia kompyuta ionyeshe kila kitu, na hujaiambia kisichotakiwa kuonekana.

Nianze na huyo mchoraji ili tumalizane naye. Hadithi za picha zisizochorwa kwa kalamu ni za zamani. Waitaliano walianza kuuza hadithi za mapenzi zilizopigwa kwa kamera, waigizaji wakiwa na maneno juu ya vichwa, mwaka 1947. Kwetu Afrika Mashariki, miaka ya 1960 na 1970, vijana waligombania magazeti ya wapelelezi ya namna hiyohiyo: mtu wa kweli, kofia ya kweli, ngumi ya kuigiza, kiputo cha maneno pembeni. Sikumbuki mtu aliyesema wale wanadanganya. Kazi yako ni ndugu wa karibu wa magazeti yale kuliko wa katuni ya wino. Unachagua waigizaji, unawavisha, unawawekea taa, unashika kamera. Ukijiona hivyo, nusu ya makosa yako utayaona mwenyewe, kwa sababu utaacha kujiuliza "nimechora vizuri?" na kuanza kujiuliza "mwigizaji wangu anafanya nini hapa?"

Sasa hao masanamu. Mchoraji wa kalamu akitaka kuonyesha bibi amekaa barazani, anapiga mistari kumi na tano. Hachori kila tofali wala kila uzi wa kanga. Anachora mgongo uliopinda, mkono juu ya goti, jicho, na msomaji anamalizia mengine kichwani. Kurenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga mpaka itoe picha, hakuna huruma ya namna hiyo. Tofali la ukutani linatoka kwa ukali uleule wa uso wa bibi, na kwenye ukurasa wako wa kwanza kikapu cha pembeni kina maelezo mengi kuliko mtu anayezungumza. Jicho la msomaji linazurura, halijui liende wapi.

Kwenye uso jambo linakuwa gumu zaidi. Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, aliandika kwamba kitu kinavyozidi kufanana na binadamu tunazidi kukipenda, mpaka kinapofika karibu kabisa bila kufika. Hapo mapenzi yanageuka kuwa hofu. Hicho ndicho kinachokutisha. Umempa mjukuu ngozi yenye vinyweleo, na vinyweleo vinamwahidi msomaji mtu aliye hai. Kisha macho yake yanatazama mahali pasipo na kitu, na ahadi inavunjika. Ndiyo maana kutafuta ngozi bora zaidi kutakuzidishia tatizo. Kikaragosi cha mistari chenye nukta mbili za macho hakimtishi mtu yeyote.

Macho ndiyo ya kwanza kutengeneza. Weka kitu kitupu (Blender hukiita Empty) kwenye mandhari, kisichoonekana kwenye picha, kisha uyafunge macho yote mawili yakifuate hicho. Ukikisogeza, macho yanahama pamoja. Bibi anapomtazama mjukuu, kiweke kwenye uso wa mjukuu, si kwenye kamera. Hakikisha kuna nukta moja ya mwanga kwenye kila mboni, kwa sababu jicho lisilo na nukta ya mwanga linaonekana la maiti. Na kope zishushwe kidogo: binadamu aliyetulia kope yake ya juu hufunika sehemu ndogo ya duara jeusi, lakini wahusika wako wote wamekodoa kama walioona nyoka.

Kisha kicheko. Kwenye ukurasa wa tano umemwongezea mjukuu "furaha" mpaka mwisho wa kitelezi. Mdomo umecheka, macho hayana habari. Daktari Mfaransa Duchenne alilieleza hilo mwaka 1862: kicheko cha kweli hukaza msuli unaozunguka jicho, na msuli huo mtu hauchezeshi kirahisi kwa kutaka tu. Inua mashavu, kunja kidogo pembe za macho, punguza mdomo, na upande mmoja wa uso utangulie mwingine. Uso wenye pande mbili zinazofanana kabisa ni uso wa kinyago.

Mwili nao hivyohivyo. Wahusika wako wanasimama uzito ukiwa sawasawa kwenye miguu yote miwili, mikono ikining'inia. Hakuna Mswahili anayesimama hivyo mlangoni kwa bibi yake. Atauegemea mwimo wa mlango, nyonga moja itapanda, bega la upande ule litashuka, mguu mmoja utakuwa umevua ndala. Usikisie: weka simu kwenye kiti, jipige picha ukiwa kwenye mkao unaoutaka, kisha mgeuze mhusika mpaka afanane nawe. Halafu kagua kila mahali kitu kinapogusana na kingine. Kitako cha bibi kwenye baraza kinaelea kama sentimita mbili. Vidole vyake vimeishika bakora bila kuigusa. Msomaji hatakuambia "vidole vimeelea", atasema tu "sijui kwa nini, lakini siiamini". Kipimo changu cha mwisho ni kumgeuza kila mhusika awe mweusi mtupu, bila taa wala rangi. Kama kivuli hicho hakikuambii anafanya nini, basi mkao haujakamilika.

Kamera pia imewaumiza. Kwa uso wa karibu umesogeza kamera mpaka puani, na pua ya bibi imekuwa kubwa kama embe. Wengi husema kosa ni la lenzi, lakini kinachopotosha ni umbali. Lenzi inakata tu sehemu ya kuonyesha. Rudi nyuma mita mbili, kisha ongeza urefu wa lenzi hadi 85 mm au zaidi. Ile ya 50 mm ambayo Blender huanza nayo iache kwa mazungumzo ya watu wawili, na 24 mm uitumie pale tu unapotaka kumsumbua msomaji, kwa mfano mjukuu anapokimbia gizani.

Kuna jambo la ngozi ambalo wafundishaji wengi wa mtandaoni hawaligusi. Taa nyingi zinazokuja tayari zimepangwa kwa ngozi nyeupe. Ukimweka bibi yetu chini ya taa hizo anazama, na ukiongeza nguvu ya taa ili aonekane, kanga na ukuta vinaungua kwa weupe huku yeye akigeuka kijivu. Ngozi nyeusi husomeka kwa mng'ao zaidi ya kwa mwanga unaotawanyika: tunaona umbo la shavu kwa sababu ya kile kipande kinachong'aa juu yake. Kwa hiyo usiongeze nguvu ya taa, ongeza ukubwa wake, na uiweke ubavuni ili mng'ao utambae shavuni. Taa ya pili ndogo nyuma itenganishe kichwa na giza. Na kama ngozi uliipata kwa kuchukua ya Mzungu ukaitia giza, hapo ndipo kijivu kinapotoka, kwa sababu rangi ya ndani ya ngozi, ile ambayo mwanga huipenya, imebaki ya mwenyewe wa kwanza. Ibadilishe iwe ya kahawia yenye wekundu. Hadithi yako ni ya usiku, na bibi ana chemli. Ifanye hiyo chemli iwe taa kuu ya kweli, na buluu hafifu ya mbalamwezi nyuma yao. Kila kisichofikiwa na chemli kiache gizani: kikapu kile kitazama chenyewe, na tofali pia.

Tuje kwenye saa tatu. Kurasa 40 kwa fremu tano, yaani vyumba vitano vya picha, kila ukurasa ni picha 200, na kwa saa tatu kila moja ni saa 600, siku 25 za kompyuta isiyozimwa. Hakuna mtu anayeweza, na huhitaji. Unarenda kila fremu kwa pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Ukurasa mzima wa A5 kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 1748 kwa 2480 tu. Fremu inayokaa kwenye robo ya ukurasa inahitaji pikseli milioni moja na kidogo, yaani moja ya nane ya unazolipia sasa. Saa tatu zinashuka karibu na dakika 22.

Halafu kuna zile chembechembe kama mchanga kwenye picha, unazozikimbia kwa kuongeza sampuli. Cycles, injini unayotumia, hurusha miale ya kubahatisha kwa kila pikseli, hiyo ndiyo sampuli, kisha huchukua wastani. Hesabu ya wastani ina ubahili wake: ukitaka chembechembe zipungue nusu, sampuli lazima ziwe mara nne. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni faida yako. Punguza sampuli hadi robo, chembechembe zitaongezeka mara mbili tu, na kisafishaji kilichomo ndani ya Blender, utakiona kwa jina Denoise, kitazifuta. Uso utalainika kidogo, lakini kwako hilo ni afadhali. Umefika kama dakika sita kwa fremu, na kitabu kizima ni saa 20.

RAM yako ya GB 8 inaelemewa na picha za ngozi na nguo. Picha moja ya pikseli 4096 kila upande hula MB 64 ikifunguliwa, hata kama faili lake kwenye diski ni dogo, na mhusika mmoja anazo nne au tano. Zipunguze ziwe 1024 na kila moja itakula MB 4. Bibi aliye mita kumi kutoka kwenye kamera hahitaji zaidi.

Na umeme: usirende fremu moja moja kwa kukaa na kusubiri. Mandhari moja ikikamilika, weka kila fremu ya katuni kwenye namba yake kwenye mstari wa muda, kila namba na kamera yake iliyofungwa kwa alama. Kisha renda yote kama filamu, lakini itoke kama picha za PNG, na uondoe tiki kwenye Overwrite, yaani kuandika upya juu ya faili lililopo. Umeme ukikatika kwenye picha ya tisa, ukirudi unabonyeza tena, nayo inaziruka zilizokwisha. Kuna kamtego kamoja: kama Placeholders, yaani faili za kushika nafasi, umeiwasha, iliyokatika katikati huacha faili tupu, lifute kwanza. Mimi hulala wakati kompyuta inafanya kazi, nikiwa nimeinua nyuma ya laptopu kwa vitabu viwili ili ipumue.

Je, uendelee hivihivi? Una njia tatu, nitakuambia ninavyoziona. Ya kwanza ni kubaki na sura ya kweli kama picha ya kamera. Inawezekana kwa haya niliyoeleza, ila kila uso utakudai. Ya pili ni kuacha Cycles na kutumia Eevee, injini nyingine ya Blender, ambayo hukokotoa mwanga kwa mbinu za michezo ya kompyuta, kwa sekunde badala ya saa. Humo unaweza kuigeuza ngozi iwe na rangi mbili au tatu tu zenye mipaka, na kuiwekea mistari ya nje. Vinyweleo vinatoweka, hofu inaondoka navyo. Hatari yake ni kwamba mistari ya kompyuta ina unene mmoja na hujaa mahali isipotakiwa, hasa kwenye mikunjo ya nguo. Ya tatu ni kurenda kitu chepesi tu, kisha kukipitia kwa mkono kwenye Krita, programu ya kuchora ya bure: unakoleza mstari wa mgongo, unafuta mistari ya ukutani, unachora upya vidole. Unasema huwezi kuchora, lakini hapo huchori, unapitisha kalamu juu ya kilichokwisha kuwepo na kuchagua kibaki nini. Ningekuwa wewe ningechukua ya pili kwa kurasa zote, na ya tatu kwa nyuso za karibu tu, labda fremu 30 kati ya 200. Jaribu ukurasa wa tatu kwanza, ule wa bibi na mjukuu mlangoni. Ukikuchukua zaidi ya wiki moja, rudi kwenye ya pili peke yake.

Na kabla ya kurenda chochote, chora ukurasa mzima kwa penseli kwa vijiti na maduara, pamoja na viputo. Hili umeliruka, nalijua kwa sababu viputo vyako vimebanwa kwenye pembe na kimoja kimemfunika bibi paji la uso. Kiswahili chetu kina neno kama "nitakapokurudishia", kiputo kizima neno moja. Nafasi yake iachwe wakati unaweka kamera. Likikosa kutosha, likate kwenye silabi, nitakapo-kurudishia, si popote programu inapotaka. Kagua pia herufi ulizochagua: ile alama ya ng' kwenye "ng'ambo" imekaa mbali kana kwamba maneno ni mawili. Na kwenye ukurasa wa nne mtoto anatumbukia majini ukaandika SPLASH. Mwalimu! Mtoto wa Pangani hutumbukia chubwi. Akianguka mchangani ni tifu, matopeni ni tapwi. Unazo sauti hizi bure, ziandike kubwa.

Jambo dogo nililocheka nalo: jina la kanga ya bibi kwenye ukurasa wa pili linasomeka kinyumenyume. Umeunda nusu ya nguo kisha ukaiakisi, na picha ya kanga ikaakisiwa pamoja nayo. Ibandike picha ya kanga upya juu ya nguo nzima. Wanawake wa pwani watasoma jina la kanga kabla ya kusoma kiputo, kwa hiyo chagua jina linalosema kitu.

Nguo na nywele za kupakua. Watu wengi hudhani kilichowekwa bure mtandaoni ni cha kila mtu. La. Kila faili lina leseni yake. CC0 ni huru kabisa. CC BY inakutaka umtaje aliyetengeneza, ukurasa wa mwisho wa kitabu unatosha. Ukiona herufi NC, hutaruhusiwa kuuza. Masoko makubwa ya vitu vya 3D kwa kawaida hukuruhusu kuuza picha bapa uliyorenda, na hukukataza kugawa faili la 3D lenyewe, lakini soma kila moja. Lisilo na leseni yoyote lichukulie kuwa limekatazwa. Andika kwenye daftari: jina la kitu, ulikotoa, leseni, tarehe. Na kama zipo nywele ulizopewa na rafiki kwenye flashi, zitoe. Hadithi na picha zako mwenyewe zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 tangu unapoziumba. Lakini mchapishaji akikuletea mkataba, hasa unaosema "haki zote", usiusaini kwa ushauri wangu wa maandishi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukiwa nao mkononi, au kwa wakili.

Pahali pengine pa kwenda mwenyewe ni kwa mchapaji. Skrini hutoa mwanga, karatasi hunywa wino, na picha za usiku ndizo zinazoumia. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na kurasa nane za usiku. Nilichapa nakala 200 bila kujaribu, na zote nane zilitoka nyeusi kama sufuria ya mkaa. Kosa lilikuwa langu, mchapaji alifuata faili nililompa. Mpelekee ukurasa mmoja wa chemli, akuchapie kwenye karatasi ileile ya kitabu, uutazame juani na ndani. Ukimpoteza mjukuu gizani, rudi ukaongeze mwanga wa mbalamwezi.

Kompyuta ya kaka isubiri. Maliza kurasa kumi kwa Eevee na kwa ukubwa niliokutajia. Kama bado fremu inazidi dakika kumi, ongeza RAM kwanza hadi GB 16 ikiwa laptopu yako inafunguka, fundi wa kuaminika atakuambia kwa kuitazama tu. Kadi ya picha iwe baada ya hapo, ikiwa kaka bado anataka kutoa hela.